Mafuriko ya ghafla: amua kuvuka au kutovuka kabla hujafika kwenye maji

Dereva wa Masafa (mleta uzi)

Wakuu habari za humu ndani. Mvua ndo hizo zimeanza na sitaki tufike tena kule kwa kila mwaka ambako tunaanza na video za maji tunamalizia na rambirambi, kwahiyo naomba tukae kwenye huu uzi tupeane tunayoyajua kuhusu mafuriko ya ghafla. Siongelei yale ya mto kujaa pole pole kama Rufiji ambako mtu anayaona maji yanakuja shambani anapata muda wa kuhamisha hata kuku. Naongelea haya yanayoshuka ndani ya nusu saa, yanazoa kila kitu, na kesho yake asubuhi unakuta korongo kavu watoto wanacheza.

Mi ni dereva, njia zangu ni Dar Morogoro Dodoma Singida na mara nyingine nakata Babati mpaka Arusha, na nachokiona kila msimu ni kile kile. Maji yamekata barabara, magari yamepanga foleni pande zote mbili, watu wameshuka wanaangalia. Hapo hakuna anayetaka kufa. Lakini likipita lisaa abiria anaanza kulalamika ana msiba wa kuwahi, konda anapigiwa simu na ofisi, mwenye gari dogo anasema mbona lile fuso limepita, na kuna kijana wa pale pale anajitolea kuonyesha njia kwa elfu mbili. Ndo mtu anaingia. Sio kwamba hajui maji yanaua, anajua vizuri sana, ila anaamua akiwa amechoka ana njaa na watu kumi wanamsemesha kwa wakati mmoja. Ndo maana nasema uamuzi ufanyike nyumbani. Umwambie bosi, umwambie mke au mume, ukianza safari uwaambie na abiria: maji yakipita juu ya barabara mi nasimama, hatujadili. Ukishalisema mapema hata wao hawakusumbui.

Mnakumbuka ile ya Mwingi kule Kitui Kenya, tarehe 4 Desemba 2021, mto Enziu? Basi limebeba wanakwaya wanaenda harusini, daraja limefunikwa na maji, watu wamejaa kingo zote mbili wanatazama, dereva akaingia, basi likaanza kuegemea upande mmoja pole pole halafu likazama lote. Walikufa zaidi ya watu 30. Harusi ingeweza kuchelewa, ndo kinachoniuma mpaka leo.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakiweki kichwani, maji hayo hayatokani na mvua iliyopo hapo ulipo. Unaweza ukawa umesimama kwenye jua, vumbi linatimka, kumbe milimani kilomita 20 huko juu imenyesha saa zima. Hell's Gate pale Naivasha tarehe 1 Septemba 2019 watalii waliingia kwenye lile korongo, mvua ikawa imepiga kule juu, maji yakawakuta ndani kuta ziko huku na huku hakuna pa kupandia, wakafa watu 7. Na sehemu hiyo hiyo mwaka 2012 vijana wa kanisa walishakufa kwa namna hiyo hiyo. Kwahiyo ukiwa kwenye mto wa mchanga, iwe unachota mchanga, unaosha gari, unachunga au umepumzika tu kivulini, angalia mawingu ya upande mto unakotoka, sio yaliyo juu ya kichwa chako.

Dalili ninazozijua mimi: maji yaliyokuwa meupe yanabadilika rangi yanakuwa tope, yanaanza kuja majani makavu na vijiti na povu kabla ya maji yenyewe, na sauti, unasikia mngurumo kama lori linashuka mlima kwa gia ndogo. Ukisikia huo mngurumo usikimbie kufuata korongo kwenda chini, maji yatakukuta. Panda pembeni, juu, acha koleo, acha pikipiki, acha kila kitu.

Na kwanini hata sehemu kame kama Dodoma na Manyara zinapata haya mambo? Ardhi imekauka imekuwa ngumu, mvua ya kwanza kwanza hainywewi na udongo, yote inateleza juu inakimbilia korongoni. Mjini ni hivyo hivyo ila kule kilichoziba ardhi ni lami na mabati. Chukua nyumba moja yenye paa la mita za mraba 100, ikinyesha milimita 50 ambayo ni mvua kubwa, paa hilo peke yake limemwaga lita 5,000. Piga hesabu mtaa mzima sasa, halafu mtaro umejaa chupa na pampasi.

Nakuja na ya magari, karibuni kwanza na nyie.

Kijana wa Chanika

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye kusimama kila maji yakipita juu ya barabara umetia chumvi. Mi nimekaa tandiboi miaka, semi yenye mzigo tani 28 maji ya magoti yanalifanya nini? Tungekuwa tunasimama kila drifti (pale barabara inapokatiza korongo bila daraja) mzigo si ungekuwa unaozea njiani. Kinachotakiwa ni dereva ajue kuingia, gia moja asikanyage klachi, asisimame katikati.

Dereva wa Masafa

Kijana wa Chanika hujakosea kwamba lori lenye mzigo ni zito, na ndo maana wenzetu wengi wamepita salama na wakazoea. Ila nikupe vitu vitatu.

Cha kwanza ni msukumo wa pembeni. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, hiyo ni spidi ya mtu anayekimbia taratibu tu, yanasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 200 hivi. Yakifika mita 4 kwa sekunde sio kilo 400, ni 800, kwasababu spidi ikiongezeka mara mbili msukumo unaongezeka mara nne. Sasa semi ubavu wake una mita za mraba ngapi zilizo ndani ya maji? Na kuna gogo linakuja humo humo.

Cha pili gari linaelea. Kila lita ya maji ambayo mwili wa gari unaisukuma pembeni inapunguza kilo moja ya uzito ulioko kwenye tairi. Kipanya (Hiace ya abiria) sakafu yake ina kama mita za mraba 7, maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu kabla hayajaingia ndani umeshapoteza karibu kilo 700, yakipanda 30 ni kama kilo 2,100, gari likiwa tupu linakaribia kuelea lote. IST ni mapema zaidi. Wataalamu wa uokoaji wanakwambia sentimita 15 za maji yanayokimbia zinamwangusha mtu mzima, 30 zinatosha kuanza kuhamisha gari dogo, 60 zinabeba karibu magari yote hata hizi za juu juu ambazo watu wanaziamini. Na lori la tenki la mafuta likiwa linarudi tupu, hapo umebeba hewa tupu, usilifananishe na lenye mzigo.

Cha tatu ndo kinaua madereva wazoefu. Ukiingia unaamini barabara iko pale chini. Nani kakwambia ipo? Maji yakipita juu ya kalavati yanaanza kuchimba udongo upande wa chini, lami inabaki imening'inia haina kitu chini yake, kwa macho unaona maji ya kahawia tu yametulia. Lile fuso lililopita kabla yako ndo limemalizia kuibomoa. Dumila pale mwezi Januari 2014 barabara kuu ya Morogoro Dodoma ilikatika, sio njia ya panya hiyo, ni barabara kuu. Kwahiyo kina unaweza kupima kwa mti, spidi unaweza kuangalia kwa jani linaloelea, ila kilichobaki chini huwezi kukijua mpaka maji yashuke.

Na yanashuka mdogo wangu. Korongo nyingi ukisubiri masaa matatu manne umepita. Mzigo uozee njiani.

Kijana wa Chanika

Hiyo ya lami kuning'inia sikuwahi kuifikiria, asante mzee. Ntawaonyesha na wenzangu hapa gereji.

Mama Wawili Kigogo

Sisi tusio na magari je? Mimi nakaa bondeni huku Kigogo, sio kwamba hatujui, tunajua, ila kodi ya huku ndo naiweza. Maji ya mto Msimbazi yanaweza yakaja usiku, na hapa hainyeshi hata, imenyesha Pugu na Kisarawe huko, ukishtuka godoro linaelea. Mume wangu anafanya kazi ya ulinzi usiku hayupo, niko na watoto wawili na bibi yao. Nifanyeje naomba majibu ya kweli sio kuambiwa hama.

Dereva wa Masafa

Dada yangu nakuelewa, na hakuna wa kukulaumu hapa. Kuna mtu humu anakaa na timu ya maafa ya kata, nimemtag, ngoja aje. Mimi nina moja tu: funguo. Nyumba zetu hizi dirisha lina nondo, mlango una grili na kufuli kwa ndani, na funguo iko kwenye mkoba au mfukoni mwa suruali ya mtu aliyelala. Umeme ukikatika maji yako magotini unatafuta funguo gizani na watoto wanalia. Piga msumari karibu na mlango juu ya usawa wa kichwa, funguo iwe inakaa hapo kila usiku, na kila mtu ndani ya nyumba aijue kwa kupapasa.

Kamati ya Maafa Mtaani

Nimefika. Mama Wawili pole na karibu, ntaandika kwa mfululizo maana niko kwenye simu.

Kabla ya mvua mtembee wewe na watoto na bibi njia mtakayoipita kupanda juu, mchana kweupe, muitembee kabisa kwa miguu. Angalia isikatize mtaro wala korongo lolote maana njia fupi mara nyingi ndo inavuka mtaro. Kwa bibi elewaneni na kijana wa jirani mapema nani atambeba, msije kuanza kuulizana usiku. Na mwenyeji wa kule juu awe anajua kwamba mnaweza kugonga saa nane usiku.

Fuatilia taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), wanatoa kwa rangi, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa mtu wa bondeni mimi nakushauri ikiwa chungwa tu kwa Dar na Pwani usisubiri nyekundu, usiku huo watoto na bibi wakalale juu kwa shangazi au kanisani au msikitini popote palipo na nafasi. Wakirudi asubuhi maji hayakuja hamjapoteza kitu. Watu wengi wanapuuza kwasababu mara ya mwisho walihama na mvua haikuja, lakini utabiri ukisema inaweza kunyesha maana yake ndo hiyo, inaweza.

Maji yakiwahi yakakukuta ndani: kama hayajafika kwenye soketi zima meni switchi. Kama umeshasimama ndani ya maji usiiguse kabisa. Funga mtungi wa gesi kwenye koki yake maana mtungi unaelea na kung'oa mpira. Usihangaike na tv wala friji. Watoto mbele, toka. Kama nje maji yana kasi huwezi kusimama basi panda juu, ila sio ndani ya dari, nasisitiza, dari halina mlango, maji yakiendelea kupanda unakuwa umejifungia mwenyewe chini ya bati. Panda juu ya bati au ukuta mnene au nyumba ya jirani yenye ghorofa. Desemba 2011 Dar watu waliokolewa juu ya mapaa, wengine walikaa huko masaa mengi wakaja kushushwa wazima.

Vyeti, kadi za kliniki, kitambulisho, daftari la vikoba, weka kwenye mfuko wa nailoni funga vizuri, ning'iniza pale pale kwenye msumari wa funguo.

Na mkitembea mitaani maji yamejaa, tembeeni katikati ya barabara, kingo ndo kuna mtaro na chemba zimeibiwa mifuniko. Shika fimbo ndefu gusa mbele kabla ya kukanyaga. Nguzo ya umeme iliyolala au waya uliogusa maji, rudi nyuma, msipite hata kama watu wanapita.

Mama Wawili Kigogo

Nimewasoma nyote Mungu awabariki. Msumari nishapiga jioni hii. Jumamosi tunaitembea njia.

Mzaliwa wa Katesh

Naombeni niongeze la milimani kwasababu sisi tulilipata. Tarehe 3 Desemba 2023 Hanang, asubuhi Jumapili, yale hayakuwa maji, ilikuwa tope na mawe na magogo yametoka mlimani yakashuka mpaka Katesh mjini na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nimesimama sokoni baada ya siku zile, tope limefika dirishani, limeganda, ndani yake kuna viatu, sufuria, mabati yamekunjwa. Tope haliogeleki wandugu. Mtu anayejua kuogelea na asiyejua ni sawa tu.

Kwahiyo mnaokaa chini ya mlima, Hanang, Uluguru, Usambara, Upare, Rungwe huko, nawaomba jambo moja mlishike. Mvua ikiwa inapiga sana kule juu halafu mto au kijito kinachopita kwenu kikapungua ghafla, msifurahi. Maana yake kuna kitu kimeziba kule juu, ardhi imeporomoka ikatengeneza bwawa, na hilo bwawa likipasuka linakuja lote kwa mara moja. Ondokeni hapo hapo, msishuke kwenda kutazama, pandeni pembeni ya bonde. Nyufa mpya kwenye mteremko, miti iliyoanza kulala, mlango wa nyumba uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, hizo nazo ni dalili ardhi inatembea.

Msafiri Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Mzaliwa wa Katesh hiyo umesema ndiyo ilitupata Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, alfajiri watu wamelala. Kule Kamuchiri maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, kalavati ilikuwa imeziba na takataka na miti, ikafika mahali ikaachilia. Wakati yanateremka hakuna mtu alikuwa na dakika tano. Tulizika watu wengi sana hiyo wiki. Kwa hivyo mkiona kalavati ama daraja karibu na kwenu imeziba, msingoje serikali, pigeni kelele na mwende na majembe kabla ya mvua. Lakini kabla, nasema tena, si wakati maji iko.

Na niwape pia ile iliisha vizuri ndio msivunjike moyo. Mwezi huo huo wa Aprili, tarehe 9, basi ilikwama kwa mafuriko hapo Tula barabara ya kwenda Garissa, maji ikafika madirishani. Abiria walipanda juu ya basi wakakaa huko wote, wakangojea, Msalaba Mwekundu wakakuja na mashua wakawatoa watu 51, hakuna hata mmoja alikufa. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliruka ati aogelee afike ng'ambo.

Dereva wa Masafa

Asante sana ndugu yangu wa Nakuru, na hiyo inaniingiza kwenye gari likizimika ndani ya maji, nimalizie hapo.

Likizimika usipoteze hata dakika moja kupiga stata. Fungua mkanda, shusha vioo vyote hapo hapo wakati umeme wa gari bado upo, maana vioo vya kubonyeza vikishalowa havishuki. Mlango usihangaike nao, maji ya nje yanaukandamiza huwezi kuufungua kwa nguvu za mkono. Toka dirishani upande juu ya paa, watoto kwanza. Kama kioo kimegoma, chomoa ile mito ya kichwani kwenye siti, vyuma vyake viwili, piga kioo cha pembeni kwenye kona, sio cha mbele, cha mbele kina plastiki katikati kinapasuka ila hakiachii. Ukishakuwa juu na gari limetulia, kaa. Piga simu 114 Zimamoto na Uokoaji au 112, taja mahali, taja mmeko wangapi.

Mwalimu wa Muriet

Jamani mimi naomba tuongelee watoto wa shule. Tarehe 12 Aprili 2024 huku kwetu Arusha gari la shule lilisombwa na maji korongoni asubuhi, tuliwazika watoto. Sitasema zaidi kwasababu kuna wazazi wao wanaweza kuwa wanasoma. Toka siku ile mimi kwenye kila kikao cha wazazi nasema hivi, mzazi usimpigie dereva simu mbona mtoto hajafika. Mvua kubwa imenyesha usiku, mtoto asiende mpaka kumekucha vizuri na mtu mzima ameiona njia kwa macho. Mvua ikinyesha mchana, mtoto abaki shule hata kama ni mpaka saa mbili usiku, walimu tutakaa naye, tutampa uji. Na shule iandike kabisa kwenye fomu za usafiri kwamba dereva haruhusiwi kuvuka maji, na hatakatwa hela kwa kuchelewa. Dereva akijua hatakatwa hela hatavuka.

Na bodaboda, wale wanaobeba watoto watatu wanne. Nimewaona wanaweka miguu juu wanapita drifti maji yanagonga injini. Mzazi unayemlipa kwa mwezi una nguvu ya kumwambia, mwambie.

Dereva wa Masafa

Mwalimu hapo kwenye kukatwa hela umegusa kila kitu. Sisi wa malori na mabasi ni hivyo hivyo. Matajiri mnaosoma huu uzi, tumeni meseji moja tu kwa madereva wenu leo: maji yakiwa juu ya barabara simama, posho ya siku ya kulala njiani ntakutumia. Hiyo meseji ni bei rahisi kuliko chochote.

Mvuvi Mzizima

Nimefanya kazi ya uokoaji kwa kujitolea, niongeze ya mtu aliyekwisha ingia majini.

Ukibebwa, usijaribu kusimama. Mguu ukiingia katikati ya mawe au mizizi maji yanakulaza kifudifudi na huinuki tena hata kama ni ya kiunoni. Lala chali, miguu mbele upande unakokwenda, vidole juu, mikono unapiga kuelekea ukingo kwa mshazari, usipingane na maji uso kwa uso. Ukiona mti umelala maji yanapita katikati ya matawi, geuka, utangulie kichwa na kifua, piga kwa nguvu upande juu ya shina, kwasababu ukienda na miguu matawi yatakushika na maji yatakushikilia hapo.

Na wewe uliye ukingoni, usiruke. Hata kama ni mwanao, najua ni rahisi kuongea, lakini anayeruka tunakuja kumtafuta naye. Chukua dumu la lita 20 tupu, funga mfuniko vizuri, funga kamba kwenye mpini wa dumu, rusha kwa mbele ya mtu, yani chini kidogo ya anakoelekea, dumu moja linatosha kumweka mtu mzima juu ya maji. Kamba usijifunge kiunoni na usiizungushe mkononi, ishike tu, ikizidi uiachie. Ukishamshika usimvute kupingana na maji, simama imara muache maji yenyewe yamsogeze ukingoni. Kila nyumba ya bondeni iwe na dumu na kamba ya mita 15 au 20 vimefungwa tayari, sio dumu la maji ya kunywa, la kazi hiyo tu.

Nesi wa Zamu

Nitakuwa mfupi wakuu niko kazini. Maji yakishuka msikimbilie kurudi. Nyumba za tope na tofali mbichi zinaanguka baada ya maji kupungua, ukuta umelowa unaonekana mzima unakuja kudondoka wakati mtu anadeki. Umeme usiwashe mpaka fundi ameangalia. Vyoo vimefurika kwahiyo kisima chochote kilichofunikwa na maji ni kichafu hata kama maji yanaonekana meupe, chemsha mpaka yatokote au weka dawa ya kutibu maji, hata ya kusukutua mdomo. Chakula kilichoguswa na maji tupa, hata unga ulioloa chini tu.

Kuharisha maji maji kama ya mchele usisubiri asubuhi, njoo kituoni, njiani anywe ORS, kipindupindu kinaua kwa masaa. Anayefanya usafi avae buti au afunge mifuko ya nailoni miguuni kama ana kidonda, homa ya mgunda inaingilia hapo, inatokana na mkojo wa panya na wanyama ulioko kwenye maji na tope. Homa, kichwa, misuli ya miguu inauma wiki moja mbili baada ya mafuriko, mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, usimezee dawa za malaria nyumbani. Na nyoka, gonga kila kiatu na kila furushi kabla ya kuingiza mkono.

Kijana wa Chanika

Mzee Dereva swali la mwisho. Tuko foleni, maji yanapungua, tunajuaje sasa yametosha kupita? Maana hapo ndo ubishi unaanzaga upya.

Dereva wa Masafa

Swali zuri sana hilo. Mimi navyofanya: maji yakiwa bado yanapita juu ya lami sivuki, hata yawe ya kisigino. Yakishaacha kupita juu, nashuka na tandiboi tunatembea kwa miguu mpaka tufike ng'ambo, tunaangalia kingo zote mbili, hasa upande wa chini maji yalikomwagikia, tunachungulia chini ya kalavati kama udongo upo au kuna shimo. Tukiona ufa kwenye lami unaokwenda sambamba na barabara, au bega la barabara limekatika, tunarudi, tunawaambia na wenzetu wote kwenye foleni, na tunaweka matawi barabarani pande zote mbili wa usiku wasije wakaingia. Kama pako sawa magari madogo yaende kwanza moja moja, yaliyo mazito ya mwisho, na abiria wa basi washuke wavuke kwa miguu basi likiwa tupu. Kabla ya hapo natazama milimani, kama kule juu bado kumefunga mawingu meusi basi tunalala hapo hapo.

Mkikuta kalavati limechimbwa pigeni simu ofisi ya TANROADS (wakala wa barabara kuu) ya mkoa, msiondoke kimya kimya kwasababu nyie mmepita.

Anayetokea Kilosa, Mpwapwa au Kondoa na anajua korongo la kwao linavyofanya aandike hapa chini, taja jina la drifti na huwa linachukua muda gani kushuka, tutengeneze orodha ya madereva.